Blockchain ilivyojaza disk yangu mpaka sauti ya baba mkwe ikakosa pa kukaa

Wakuu, salamu kutoka Ujiji. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Kuna jambo limenikaa kifuani tangu mwezi wa Shaaban, leo nimeamua nilitue hapa. Sijaongeza chumvi, maana lilikuja na chumvi yake ya kutosha. Majina ya watu wa nyumbani nimeyabadilisha yote isipokuwa moja, na hilo mtalijua mkifika mwisho.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka zake aende akale kwanza, atarudi.

Mimi ni mpiga picha na video za harusi. Nina kiduka changu Rusimbi: passport size, kutoa copy, kuweka nyimbo kwenye flash, mambo ya riziki. Dukani nina desktop moja ambayo nimeifungafunga mwenyewe kwa vipuri vya huku na kule, na ndani yake disk ya terabaiti moja. Kwa duka la Rusimbi hiyo ni disk ya heshima.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja. Ninapenda Bitcoin. Sio kutrade, hapana, huko niliunguza vidole nikaacha. Ninapenda jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Nilijifunzia humu humu jukwaani, na kuna siku nikaamua kuendesha node yangu mwenyewe.

Kwa wasiojua, nieleze kidogo. Blockchain ni kumbukumbu ya miamala yote tangu ule wa kwanza kabisa. Hakuna ofisi moja inayoitunza. Maelfu ya watu duniani kila mmoja anakaa na nakala yake nzima kwenye kompyuta yake, ndiyo hiyo inaitwa node, na anaikagua mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayeweza kudanganya. Mmoja kompyuta yake ikiungua, kumbukumbu haijapotea, maana wengine wote wanayo.

Mimi nikawa mmoja wao. Mtu wa Rusimbi, natunza kumbukumbu ya dunia. Nilijiona mkubwa.

Node hailipi kitu, wakuu. Watu wanachanganya na mining, ile ya kuchimba sarafu. Jirani yangu anayeuza mawese alikuwa akipita anachungulia ile desktop inavyonguruma, anauliza, "Issa, hiyo mashine yako itataga lini?"

Nami namjibu inaatamia.

Shida ya blockchain ni kwamba haipungui. Kila baada ya dakika kama kumi linaongezeka bloku jipya, yaani fungu la miamala, na kilichoingia hakifutwi. Siku hizi watu wanachomeka mpaka picha humo ndani, vikatuni vya nyani na vyura, basi na vyenyewe vinakuja kulala kwenye disk yangu milele. Mwanzoni ilinibakizia nafasi ya kutosha ya harusi zangu. Baadaye nikawa naanza kuhamisha harusi za zamani kwenye flash ili vyura wapate nafasi.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "si ununue disk kubwa". Mkuu, ningekuwa na hela ya disk kubwa ningeezeka kwanza choo.

Haya, tuje nyumbani.

Nimeoa Ujiji, kwenye ukoo wa wale ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka Kongo zamani za misafara. Mke wangu ni Zainabu, tuna binti mmoja, Nasra. Baba mkwe wangu nitamwita Mzee Sudi.

Kila Shaaban, kabla ya Ramadhani kuingia, ukoo wao unakusanyika kwa Mzee Sudi kuwarehemu wazee. Inasomwa hitima, halafu majina ya marehemu wote wa ukoo yanatajwa moja moja, watu wanaitikia dua. Wanaanza na yule wa kwanza aliyevuka ziwa, wanateremka kizazi kwa kizazi mpaka waliofariki mwaka ule. Imani yao ni kwamba asiyetajwa anabaki mlangoni huku wenzake wanapokea zawadi zao. Msinianzishie mjadala wa kidini hapa, naeleza ninavyoyaona nyumbani.

Anayetaja ni Mzee Sudi, kichwani, bila karatasi. Wengine kazi yao ni kuitikia tu. Na anataja haraka, kwa mtiririko, huwezi kufuatisha.

Mwaka huu miezi kadhaa kabla ya Shaaban, Zainabu akaniambia, "Baba Nasra, wewe unawapiga video maharusi ambao hata huwajui. Hebu mpige baba anataja majina."

Wazo zuri. Nilienda na kamera, Mzee akavaa kanzu yake ya Ijumaa, tukakaa barazani tangu alasiri. Hakutaja kwa mbio siku hiyo. Alitulia. Kila jina na habari yake: huyu alikuwa fundi wa mitumbwi, huyu mama alikufa na pacha wake wiki moja, huyu alikuwa mkali sana kwa wake zake Mungu amsamehe. Nilibadilisha betri katikati. Nikarudi nyumbani nimefurahi kupita siku niliyolipwa harusi ya mkubwa wa kivuko.

Kesho yake asubuhi nikawa dukani.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Umeme ulikuwa umekatika, node ikawa imezima. Siku hiyo ukarudi, node ikawaka. Na node ikiwaka baada ya kulala huwa inakimbilia kuvuta mabloku yote iliyoyakosa. Kwa hiyo wakati mimi nahamisha video ya Mzee kutoka kwenye kadi ya kamera kwenda kwenye disk, node nayo inamimina yake kwenye disk hiyo hiyo.

Kikaja kidirisha: nafasi imeisha. Nikafuta harusi moja ya zamani, nikaendelea. Kikaja tena. Hapo pana mteja wa passport size amesimama anataka kuwahi basi la Kasulu, ananihesabia pumzi. Nikabonyeza Skip nikijua naruka kifaili kimoja cha takataka. Nikampiga mteja picha, nikarudi, nikafungua video ya kwanza, maana kamera yangu hukata rekodi ndefu vipande vipande. Mzee huyo hapo, anakohoa, anacheka, sauti safi kabisa.

Nikaridhika.

Wapiga harusi wenzangu mnajua tunavyofanya kazi. Kadi hailali na picha. Umeshahamisha, unaformat, yaani unaifuta yote, unaondoka, kuna harusi nyingine inakusubiri. Nikaformat. Jumamosi na Jumapili nikapiga harusi Mwandiga, kadi ikajaa wali, ngoma na mashangazi wanaocheza.

Haikupita muda mrefu Mzee Sudi akaanguka bafuni.

Kiharusi. Tulimkimbiza hospitali, akalazwa, na Mungu ni mwema akarudi nyumbani. Lakini upande wa kulia ukawa hauna nguvu na ulimi ukafungwa. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, ukimtania anatabasamu kwa upande mmoja. Neno halitoki. Anajaribu, inatoka sauti tu, kisha anafumba macho kwa uchungu. Inauma sana kumtazama mtu aliyekuwa na maneno kama yule.

Shaaban ikakaribia. Zainabu akasema, "Alhamdulillahi tulimrekodi. Tutawasha ile video, baba atataja mwenyewe na yeye mwenyewe amekaa pale anasikiliza."

Nikafungua folda nianze kuiunganisha.

Video ya kwanza ipo. Ya pili ipo. Mzee anasema, "Basi tuanze. Wa kwanza kabisa, aliyevuka ziwa hili, alikuwa anaitwa..."

Ikaishia hapo.

Hakuna ya tatu. Hakuna ya nne. Nilitafuta kila kona ya ile kompyuta. Nikachukua kadi, nikapitisha software zote za kurudisha vilivyofutwa. Unajua zilinirudishia nini? Mashangazi wa Mwandiga wanacheza.

Nikakaa pale natazama disk imejaa pomoni. Imejaa miamala ya watu nisiowajua, ambayo maelfu ya kompyuta duniani zinayo, ambayo ningeifuta yote siku ile na dunia isingepungukiwa hata na punje. Na kitu ambacho duniani kote kilikuwa mahali pamoja tu, kwangu, ndicho kilichokosa nafasi.

Nililia, wakuu. Nilishusha mlango wa duka nikalia.

Nikaenda nyumbani moja kwa moja nikamwambia Zainabu. Sikuona njia ya kuzungukazunguka. Akauliza, "Umesema vyura?"

Nikasema ndiyo, vyura.

"Baba yangu kakosa nafasi kwa sababu ya picha za vyura."

Alikwenda jikoni, nikasikia sufuria zinawekwa kwa nguvu. Siku hiyo nilikula ugali nimepewa mgongo.

Asubuhi alikuja akakaa pembeni yangu, hasira zimepungua. Akasema, "Hiyo mashine yako. Mtu mmoja ikimuungulia inakuwaje?"

Nikamwambia anavuta upya kutoka kwa wengine.

"Basi na sisi tuvute kwa wengine. Baba hakuwa peke yake pale barazani miaka yote. Watu walikuwa wanaitikia."

Naapa sikuwahi kulifikiria hilo. Mimi ndiye ninayeendesha node, na wazo likatoka kwa mtu aliyekuwa anataka ile kompyuta itupwe ziwani.

Zainabu akapiga simu kote. Akaja Shangazi Mwavita, dada yake Mzee Sudi, ambaye anaishi mtaa wa pili na huongea utadhani kila mtu ni kiziwi. Akaja Hamisi, binamu yake Zainabu, mvuvi wa Kagunga kule mpakani, na mfuko wa dagaa wakavu begani. Wakaja na wengine, nyumba ikajaa.

Tulimkalisha Mzee kwenye kiti chake pale pale barazani, tukamwekea mito. Shangazi Mwavita akamwinamia.

"Kaka! Unanisikia? Tunataja wazee. Tukipatia, nyanyua kidole. Tukikosea, tulia tu tujue tumekosea!"

Mzee akanyanyua kidole cha mkono wa kushoto. Kisha akamtazama kwa jicho la kusema punguza sauti. Watu wakacheka, na mimi nikapata nguvu ya kuwasha kamera.

Jina la kwanza hakuna aliyelikosa. Lile lililokatika kwenye video yangu, watu wote wa barazani walilitaja kwa pamoja. Kidole kikapanda.

Baada ya hapo kila mtu akaanza kutoa alichonacho. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na majina yote. Shangazi anawajua wanawake, ambao wanaume walikuwa wanawasahau. Hamisi anawajua waliohamia kaskazini ya ziwa, maana kule Kagunga wana dua yao ndogo na wanawataja wao. Zainabu anajua habari za watoto waliokufa wachanga, alikuwa akimuuliza baba yake tangu utoto.

Ugomvi ulikuwepo. Hamisi alisema Mrisho na Mrisho Mdogo ni mtu mmoja. Shangazi akamjia juu, "Mtu mmoja wapi! Mmoja kafia ziwani, mwingine kafia kitandani kwa mke wa tatu!" Wote wakamgeukia Mzee. Akanyanyua kidole, akakishusha, akakinyanyua tena. Watu wawili. Shangazi akapiga kigelegele cha ushindi mpaka majirani wakaja kuuliza kuna posa.

Mahali pengine tulikwama. Tunataja, kidole hakipandi. Tunarudi nyuma, tunajaribu upya, kumbe tumemruka mtu katikati. Mzee hakukubali tupite bila yeye. Anatulia tu anatutazama mpaka mmoja wetu akumbuke. Jasho lilikuwa linamtoka, Zainabu anamfuta, tukamwambia baba pumzika tutaendelea kesho, akatulia kwa maana ya hapana.

Nilikuwa nyuma ya kamera nawaza, mbona hiki ndicho nilichokuwa naeleza watu hapa jukwaani kwa Kiingereza kingi. Kila mmoja ana nakala, wanakaguana, wanakubaliana. Na mimi nilifikiri nimekileta mimi Rusimbi.

Tukafika kwa waliofariki karibuni. Mke wake Mzee, mama yake Zainabu. Hapo kidole kilipanda polepole na kikakaa juu muda mrefu.

Shangazi akasema, "Basi kaka, tumemaliza."

Kidole hakikupanda.

Tukaangaliana. Tukarudia wa mwisho mwisho. Hamisi akataja hata jirani. Hakuna. Shangazi akauliza unataka maji? Hakuna. Mzee alikuwa ananitazama mimi. Akanyoosha kile kidole kunielekea.

Nilidhani anataka nizime kamera, nimemchosha. Nikaizima. Hakushusha kidole.

Ni Zainabu aliyeelewa. Alisema kwa sauti ndogo, "Baba. Mama yake?"

Kidole kikapanda.

Wakuu, naomba niwape habari fupi. Mimi ni Muha wa Mwandiga, mtoto wa pekee. Baba sikumjua. Mama yangu alikuwa anauza mawese, anayaleta Ujiji kichwani mtaa kwa mtaa, na Mzee Sudi alikuwa mteja wake kabla mimi sijamjua hata binti yake. Mama akifika pale barazani husalimia kwa Kiha, "Mwakeye," na Mzee anaitikia kwa Kiha chake kibovu mpaka mama anashika mbavu kwa kucheka. Alifariki kabla sijaoa. Hakuwa na ndugu waliobaki ninaowajua. Tangu siku ile tuliyomzika, jina lake nilikuwa nalitaja mimi peke yangu kwenye sala zangu. Nilikuwa najua siku nikiondoka, litaondoka.

Sikuwahi kumwambia mtu hilo. Mzee alilijuaje, sijui.

Shangazi Mwavita akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaongea taratibu. "Mkwe, mama alikuwa anaitwa nani?"

Nikataja. Barazani wote wakalirudia, wakaitikia dua. Mzee akashusha kidole, akafumba macho, akatabasamu kwa ule upande wake mmoja.

Na Shaaban ilipofika alitajwa tena, baada ya mama mkwe wangu, mbele ya ukoo mzima. Hamisi aliniambia baadaye kwamba hata kule Kagunga, kwenye dua yao ndogo, amemtaja. Kagunga, wakuu. Mama yangu hakuwahi kufika Kagunga maishani mwake.

Sasa, kwa upande wa node.

Kuna mkuu mmoja humu alinielekeza PM kuhusu pruning, Mungu ambariki sana. Sikuwa najua kwamba unaweza kuendesha node inayokagua kila kitu tangu mwanzo lakini haibaki na mabloku ya zamani yote, inabaki na ya karibuni tu. Ni mstari mmoja kwenye faili la settings. Niliuandika, nikawasha upya, nikatazama nafasi inavyofunguka kwenye disk kama mtu aliyefunguliwa mkanda baada ya pilau ya Idi.

Najua mabingwa wa full node mtanisema. Mtasema kila mtu akifanya hivyo, nani atawapa wapya nakala ya zamani? Ni hoja ya kweli, na nawashukuru nyie wenye madisk makubwa mnaobeba kwa niaba yetu. Kumbukumbu inayokua bila kupungua inahitaji watu wenye mgongo wa kuibeba. Mimi kwa sasa mgongo wangu una mzigo mwingine.

Maana kwenye ile nafasi iliyofunguka nimeweka video ya siku ile barazani. Na safari hii sikuiacha Rusimbi peke yake. Kila nyumba ya ukoo ina nakala, kwenye simu, kwenye flash, kwenye kadi. Shangazi Mwavita simu yake ni ya tochi, kwa hiyo yeye ameihifadhi kichwani na anawasomea wajukuu wake kwa sauti ile ile.

Mzee anaendelea na mazoezi. Juzi ametamka jina la Nasra, nusu yake. Nyumba nzima ilisimama.

Nilichojifunza: kabla hujasumbuka kutunza kitu ambacho dunia nzima inacho, angalia kile ambacho kiko kwako tu, na ukigawe mapema kwa watu wanaokupenda. Basi.

Uwanja ni wenu sasa. Wa pruning na mnipinge, wa kiharusi mnipe uzoefu wa mazoezi ya kuongea, wapiga harusi mniambie nani mwingine kaformat akajuta. Na mwenye mzee nyumbani, funga hii simu kwanza ukamuulize majina, utarudi kucomment.

Jina ambalo sijalibadilisha kwenye uzi huu ni la mama yangu. Asia binti Bukuru, wa Mwandiga, muuza mawese.

Umeshalisoma. Na wewe umelibeba. Ahsante sana.